Kabla ya Jeep kulikuwa na mgongo wa mtu



Mwezi Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Zilikuja kutoka kila kona kwa ajili ya tamasha lao: za watalii, za serikali, za wakulima, na zile kongwe ambazo mwenye nayo hukwambia umri wake kwa majivuno kama anavyotaja umri wa babu yake. Watu walipanga mstari barabarani kuzitazama. Nchi haimtengenezei mwenzake gari hilo hata moja, lakini mapenzi yake kwalo ni makubwa kuliko ya wanaolitengeneza!

Nimekuwa nikijiuliza mapenzi haya yametoka wapi. Ukisikiliza majina tuliyoyapa magari haya utaona kuna historia imejificha ndani yake. Kuna landrova. Kuna mkonga, ile Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopandishwa pembeni mwa kioo. Kuna difenda, ambayo mtaani maana yake ni polisi wanakuja, hata kama gari lenyewe siku hizi ni Toyota. Na kuna shangingi, gari la bosi. Majina manne, na karibu yote yana harufu ya dola. Si bahati mbaya hiyo. Magari haya yamezaliwa jeshini, na mtoto hafichi ukoo.

Historia yake huwa inaanzia Marekani mwaka 1940. Mimi leo nitaanzia Kariakoo.

Kariakoo ni nini?

Kila siku tunapanda daladala kwenda Kariakoo bila kufikiria neno lenyewe. Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wenzetu wa Nairobi wana Kariokor yao, neno ni lile lile. Wakati Waingereza walipomkimbiza Mjerumani von Lettow-Vorbeck kuanzia Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi, tatizo lao kubwa halikuwa risasi. Lilikuwa ni namna ya kumfikishia askari chakula na risasi zake.

Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yalikuwepo, tena mengine ya deraya aina ya Rolls-Royce na mengine mepesi ya Ford, lakini mvua ikinyesha udongo mweusi wa bara uliyameza hadi kwenye ekseli. Gari la siku zile lilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Yakianza kuzunguka bure kwenye tope, habari imekwisha. Basi kilichobaki ni mgongo wa mtu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walikusanywa, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo kichwani kwa mamia ya kilomita. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu ya wapagazi waliokufa inakaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria, uchovu na njaa. Idadi hiyo inawazidi mno askari waliouawa kwa bunduki.

Nataka ukae na picha hiyo kichwani, msomaji, tunapoendelea. Kila tunaposifia gari linalopita pasipopitika, tukumbuke kwamba mahali hapo palikuwa panapitika tangu zamani. Palipitwa na watu wakiwa na mzigo kichwani, na wengine hawakurudi.

Siku 49 za Bantam

Sasa twende Marekani. Majira ya joto ya mwaka 1940 Ufaransa ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa Hitler, na jeshi la Marekani likaona kwamba bado linategemea farasi na pikipiki kwa upelelezi. Mwezi Julai likapeleka maombi kwa viwanda 135: tunataka gari dogo, jepesi, linaloendeshwa na magurudumu yote manne, na gari la mfano liletwe ndani ya siku 49. Uzito waliotaka ulikuwa kilo 590 hivi. Viwanda vingi vilitazama karatasi ile na kuiweka pembeni. Jambo lisilowezekana!

Kampuni ndogo iitwayo American Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, haikuwa na cha kupoteza kwa sababu ilikuwa inafilisika. Ilimwita mhandisi mmoja kutoka Detroit, Karl Probst, ambaye alikubali kuanza kazi bila hata uhakika wa mshahara. Kwa siku chache tu alikuwa na michoro mezani. Tarehe 23 Septemba 1940, zikiwa zimebaki dakika chache muda kwisha, gari la Bantam liliingia getini kwenye kambi ya majaribio ya Holabird, Maryland. Lilikuwa zito kupita walivyotaka, lakini lilipanda kila kilima walicholipeleka.

Unadhani Bantam walitajirika? Thubutu! Jeshi lilisema kiwanda kile ni kidogo mno kuweza kutoa magari kwa maelfu. Michoro yao ikapewa Willys-Overland na Ford. Willys walikuwa na injini yenye nguvu zaidi, ya farasi 60, wakashinda zabuni. Ford nao wakapewa kutengeneza gari lile lile. Hadi vita inakwisha mwaka 1945 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 600,000. Bantam walioanzisha waliishia na magari yasiyofika 3,000, kisha wakapewa kazi ya kutengeneza matela ya kuvutwa na Jeep za wenzao. Willys walipojitangaza kwamba wao ndio walioizaa Jeep, tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki, na mwaka 1948 ikawapiga marufuku kusema hivyo. Lakini jina lilikuwa limeshawaganda. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo dunia ilivyo.

Kuhusu jina lenyewe, wapo wanaosema limetokana na herufi G na P zilizotumika kwenye gari la Ford, na wapo wanaosema askari walilichukua kwa kiumbe wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep, aliyetokea mwaka 1936 kwenye katuni za Popeye, mwenye uwezo wa kwenda popote. Sisi huku tusilichanganye na lile jipu la kutumbuliwa.

Siri iko chini

Kwa ambao si mafundi, hebu tueleze kwa ufupi. Gari la kawaida la wakati ule lina difu moja, ya nyuma. Jeep iliwekewa difu mbele pia, na katikati kisanduku cha pili cha gia ambacho kinagawa nguvu ya injini huku na huku. Kisanduku hicho kina kazi nyingine: kinaweza kupunguza mwendo na kuongeza mvuto, ndiyo ile gia ya chini ambayo dereva huingiza akifika mlimani au kwenye tope. Gari linatambaa taratibu kama kobe, lakini halirudi nyuma.

Ugumu wote ulikuwa kwenye magurudumu ya mbele. Yanatakiwa yapinde kushoto na kulia, na wakati huo huo yasukume. Hilo linahitaji kiungo maalumu mwishoni mwa ekseli, na uwezo wa kukitengeneza kwa wingi haukuwa mikononi mwa viwanda vingi. Ndiyo maana wazo la magurudumu manne lilikuwepo miaka mingi kabla ya 1940, lakini gari jepesi na la bei nafuu la namna hiyo likachelewa hadi vita ilipolilazimisha.

Askari wanajifunza usukani

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliingizwa kwenye King's African Rifles, na wengine wengi kwenye kikosi cha usafirishaji cha Afrika Mashariki. Kazi ya baba zao mwaka 1916 ilikuwa kubeba. Hawa wa 1940 walifundishwa kuendesha. Waliendesha malori Ethiopia dhidi ya Mwitaliano, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikiwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika, hadi mto Chindwin. Njia zilikuwa tope tupu, na Jeep ilikuwa miongoni mwa magari machache yaliyopenya kule.

Waliporudi nyumbani, wengi hawakupata ardhi wala pensheni ya maana. Walichorudi nacho ni ufundi. Kijana aliyejua kuendesha na kufungua injini hakuwa mtu wa kupuuzwa kijijini. Heshima ile ya dereva ambayo wazee wetu wanaisimulia, dereva mwenye kofia yake, anayeamkiwa kama mwalimu, mizizi yake iko kwenye kambi za jeshi.

Vifaru vinalima karanga

Vita ikaisha, vyuma vikabaki. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango wa awali ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Mashine zikanunuliwa kutoka kwenye masalia ya vita, nyingine mpaka Ufilipino, nyingi zikiwa zimeshachoka. Kali kuliko zote ilikuwa Shervick. Hiyo ilikuwa trekta iliyoundwa na kampuni ya Vickers kwa kutumia vipande vya kifaru aina ya Sherman! Kifaru kikaletwa Afrika kung'oa visiki.

Ardhi ya Kongwa haikutishika. Mizizi ilivunja mashine, udongo ukikauka uligeuka saruji, mvua ikakataa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni za Uingereza zipatazo milioni 36 zikawa zimeyeyuka. Wenyeji wa Ugogo wangeweza kuwaambia mapema habari za mvua ya kwao, lakini nani aliwauliza? Funzo ni kwamba chuma cha vita hakigeuki kuwa maendeleo kwa kupakwa rangi tu.

Mkulima wa Wales na bati la ndege

Wakati Kongwa inahangaika, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na Jeep kuukuu ya jeshi. Aliitegemea kwa kila kazi. Swali likaja lenyewe: hii ikifa, nitanunua gani? Uingereza haikuwa na gari la namna hiyo. Mwaka 1947 Rover wakaunda gari la majaribio juu ya chasisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam.

Chuma kilikuwa kwa mgao, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo ilikuwa inapatikana baada ya viwanda vya ndege za vita kupunguza kazi. Ndiyo sababu Land Rover ya zamani haili kutu mwilini kama nyingine, ingawa chasisi yake ya chuma huliwa. Paneli zilikuwa bapa, za kukunjwa kirahisi, na kwa hiyo fundi wa porini akiwa na nyundo aliweza kuirudishia sura. Rover walifikiri ni biashara ya miaka michache tu, ya kuvushia kipindi kigumu. Mwaka 1976 wakatoa ya milioni moja! Gari la aina hiyo, lililokuja kuitwa Defender, liliendelea kutoka kiwandani Solihull hadi tarehe 29 Januari 2016.

Na ile namba ya 109 ambayo madereva wetu wakongwe wanaitaja kwa mahaba? Ni inchi tu, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma.

Kwetu lilikuja na bwana shauri. Lilikuja na bwana mifugo, na daktari, na mmisionari. Lakini lilikuja pia na polisi. Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, Land Rover ilikuwa gari la vikosi vilivyowasaka Mau Mau na kuwapeleka wananchi kwenye kambi za kizuizini. Kwa mzee wa Nyeri, sauti ya injini ile usiku haikuwa sauti ya utalii. Baada ya uhuru gari likabaki lile lile, bendera ndiyo iliyobadilika. Mkuu wa wilaya akakaa kiti alichokaa bwana shauri. Tulipoanza kusema "difenda" kwa sauti ya kushtuka, tulikuwa tunaendeleza habari ndefu.

Mjapani anapanda Fuji

Jina linaloogopwa na Land Rover ni Toyota. Mwaka 1950 vita vilipolipuka Korea, Wamarekani walihitaji magari karibu na uwanja wa vita, na Japani nayo ilikuwa inaunda kikosi chake cha polisi wa akiba. Toyota wakatengeneza gari waliloliita Toyota Jeep BJ. Mwezi Julai 1951 walilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo hapakuwahi kufika gari. Polisi wa Japani wakaliagiza. Kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa na wenyewe, mwaka 1954 likabatizwa Land Cruiser. Angalia, basi: Land Rover ni mtoto wa Jeep, Land Cruiser naye ni mtoto wa Jeep. Wanaogombana vijiweni kuhusu lipi bora wanagombanisha ndugu.

Hapa Afrika Mjapani alishinda kwa mambo mawili: uimara wa injini na upatikanaji wa vipuri. Land Cruiser za familia ya 70 zilianza mwaka 1984 na mpaka leo bado zinatengenezwa, zikibeba chanjo, watalii, maafisa wa Umoja wa Mataifa. Na waasi pia.

Mwaka 1987 Chad, nchi maskini, ilipambana na Libya ya Gaddafi iliyokuwa na vifaru na ndege. Wachad walipanda pikapu za Toyota, wakafunga makombora ya kulipua vifaru aina ya MILAN waliyopewa na Wafaransa, wakakimbia jangwani kama upepo. Januari waliichukua Fada. Machi waliiteka kambi kubwa ya anga ya Wadi Doum na kuua zaidi ya Walibya elfu moja. Miongoni mwa waliotekwa alikuwa kanali aitwaye Khalifa Haftar, ambaye dunia ilikuja kumsikia tena miaka mingi baadaye. Vita hivyo vinaitwa hadi leo Vita vya Toyota. Gari lililozaliwa jeshini, likaenda uraiani, likarudi jeshini bila hata kubadili namba.

Sisi pia Walibya wa Gaddafi tuliwahi kukutana nao. Machi 1979 pale Lukaya, Uganda, walikuja kumwokoa Idi Amin, wakachapwa na jeshi letu. Lakini tuseme ukweli wa historia: vita vya Kagera kwa sehemu kubwa tulivipigana kwa miguu. Serikali ilichukua malori na mabasi ya raia kupeleka askari mpakani, na kuanzia pale vijana walitembea kutoka Kagera hadi Kampala, na zaidi, silaha begani. Miaka sitini na zaidi baada ya Kariakoo, mgongo wa mtu bado ulikuwa kazini.

Kwa nini nayasema haya

Siandiki kumkatisha mtu tamaa na gari lake. Kuna uzuri wa kweli katika kitu kilichoundwa kwa ajili ya kazi tu, kisicho na pambo, ambacho fundi wa Manzese au Gikomba anaweza kukifungua na kukifunga tena. Kinachonisumbua ni namna tunavyoisimulia habari yake. Tunamjua Wilks wa Anglesey. Tunamjua Probst na siku zake 49. Muulize mtu yeyote akutajie jina la mpagazi mmoja tu wa Carrier Corps, au la dereva mmoja aliyevuka Kabaw. Ukimya!

Wapagazi wameshakwisha wote. Madereva wa Burma nao tumewazika, wengi wakiwa na medali kwenye sanduku la bati na habari zao moyoni. Waliobaki ni wale wa Kagera, na madereva wa landrova za wilaya wa miaka ya mwanzo ya uhuru, waliopeleka masanduku ya kura na chanjo za ndui mahali ambapo ramani ilikuwa inakatika. Wana umri mkubwa. Siku hizi kila mmoja wetu ana simu yenye kinasa sauti, na wajukuu wao tunaitumia kurekodi muziki wa baa.

Ombi langu ni dogo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kushika usukani wa mojawapo ya magari haya, mkalishe chini wikendi hii. Usimuulize lipi bora, Land Rover au Toyota, hilo atalijibu kwa kucheka. Muulize alibeba nini, alimpeleka nani, na siku gari lilipokwama ni nani walioshuka kusukuma. Kisha andika.

Naomba kuwasilisha.